Kalamu ya Mshauri na Jembe la Mkulima

Katika madarasa ya itikadi tumezoea kuwachambua viongozi waliosimama jukwaani. Tunasoma hotuba zao, tunayapima matendo yao kwa mizani ya Azimio la Arusha, kisha tunatoa hukumu. Lakini yuko mtu mmoja ambaye madarasa yetu humruka. Mtu huyu hahutubii, haombi kura, wala picha yake haitundikwi ofisini. Kazi yake ni kukaa chumbani na karatasi na kuugeuza uamuzi wa siasa kuwa vifungu vya sheria. Huyu ni mshauri mwanasheria. Viongozi huondoka na hotuba husahauliwa, lakini kifungu alichokiandika yeye huendelea kumtawala mkulima ambaye hajapata kulisikia jina lake.

Makala haya yanachambua kazi ya mmoja wa watu hao, Profesa Patrick McAuslan. Alikuwa Mwingereza, miongoni mwa walimu wa kwanza wa sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1961. Miaka thelathini na mitano baadaye aliiandikia Serikali yetu rasimu ya sheria ya ardhi. Alifariki Januari 2014. Tumemchagua kwa sababu mbili. Kwanza, sheria iliyotokana na rasimu yake ndiyo inayotawala shamba la mahindi la Isimani, kahawa ya Mbozi, mpunga wa Usangu na miti ya Mufindi. Kada wa Iringa au Mbeya asiyeielewa sheria hiyo haelewi jambo la pili kati ya manne ambayo Azimio la Arusha liliyahesabu kuwa msingi wa maendeleo: watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Pili, mshauri huyu mwenyewe alituachia kipimo cha kumpimia.

Washauri wa zamani

Wako wanaodhani kwamba mshauri wa kigeni aliingia nchini mwetu pamoja na mageuzi ya uchumi ya miaka ya 1980. Sivyo. Tanganyika huru ilianza safari yake na Mwanasheria Mkuu Mwingereza, Roland Brown, aliyeshika kazi hiyo mpaka 1965 ilipochukuliwa na Mark Bomani. Brown ndiye aliyeagizwa na Mwalimu Nyerere, Aprili 1964, kuiandaa hati ya Makubaliano ya Muungano kwa siri. Hati hiyo ilitiwa saini Zanzibar tarehe 22 Aprili 1964. Hatusemi kwamba siri ile haikuwa na sababu. Miezi mitatu tu ilikuwa imepita tangu maasi ya askari, na mataifa makubwa yalikuwa yakivutana juu ya Zanzibar. Lakini siri ina gharama yake. Miaka hamsini baadaye, katika Bunge Maalumu la Katiba la 2014, wajumbe walikuwa bado wakiulizana hati ya asili iko wapi, mpaka Serikali ikalazimika kuionyesha hadharani.

Mfano wa pili ni Madaraka Mikoani ya 1972, ambayo yalitanguliwa na uchunguzi wa McKinsey, kampuni ya washauri ya Kimarekani. Serikali za mitaa zilifutwa. Zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na Mwalimu mwenyewe alikiri baadaye kwamba kuzifuta kulikuwa kosa. Kwa hiyo swali halisi kwa mwanafunzi wa siasa ni hili: uamuzi wa mtaalamu unapofanywa kuwa sheria, nani amebaki na uwezo wa kuuhoji? Mshauri awe wa kigeni au wa kwetu, swali ni lile lile.

Kutoka jengo la TANU mpaka meza ya rasimu

Kitivo cha Sheria kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kabla ya Chuo kuhamia Mlimani. Jambo hili lina maana kubwa. Wanasheria wa kwanza waliofunzwa katika ardhi hii walifunzwa ndani ya nyumba ya Chama. Julie Manning, aliyekuwa mwanamke pekee katika darasa la kwanza, alikuja kuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975. Miongoni mwa walimu, pamoja na McAuslan, alikuwamo William Twining. Huyu alikuwa mtoto wa Gavana Edward Twining, ambaye serikali yake ilipendekeza mwaka 1958 kwamba ardhi ya Tanganyika iweze kumilikiwa moja kwa moja na mtu binafsi na kuuzwa kama bidhaa. Mwalimu Nyerere alilipinga pendekezo hilo mwaka ule ule katika kijitabu chake Mali ya Taifa. Historia ina mizaha yake: mtoto wa Gavana alikuja kufundisha sheria katika jengo la chama kilichompinga baba yake.

McAuslan aliondoka Dar es Salaam mwaka 1966. Kwao Uingereza alishiriki kuanzisha skuli ya sheria ya Chuo Kikuu cha Warwick, iliyojulikana kwa kufundisha sheria pamoja na hali ya jamii inayoizaa. Miaka ya mwanzo ya 1990 alikuwa Nairobi, katika shirika la makazi la Umoja wa Mataifa. Hapo katikati ya miaka hiyo ndipo alipoajiriwa, kwa fedha za misaada za serikali ya Uingereza, kuandika rasimu ya sheria mpya ya ardhi ya Tanzania. Rasimu ilikamilika Novemba 1996. Baadaye aliishauri pia Uganda.

Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. McAuslan alipewa jembe lake, nalo lilikuwa kalamu. Tuliangalie kwanza shamba alilokabidhiwa alime.

Ardhi kabla ya rasimu

Waingereza walitunga Sheria ya Ardhi mwaka 1923. Sheria hiyo ilisema kwamba ardhi yote ni ya umma na iko chini ya mamlaka ya Gavana. Mkulima aliishi shambani mwake kwa mila, lakini haki yake ilihesabiwa kuwa duni kuliko hati ya mlowezi wa Iringa au kampuni ya chai ya Mufindi. Baada ya uhuru tulipiga hatua za kweli. Mwaka 1963 umiliki wa kudumu wa walowezi ulifutwa na kugeuzwa kuwa upangaji wa Serikali, na mwaka 1969 upangaji huo ukageuzwa kuwa haki ya kukaa na kutumia ardhi. Hata hivyo shina la sheria ya 1923 halikung'olewa. Pale palipoandikwa Gavana pakaandikwa Rais, na sheria ikaendelea.

Halafu vikaja vijiji. Isimani ilikuwa imekwisha kuota tabaka la wakulima wakubwa wa mahindi, wenye matrekta na vibarua. Siku ya Krismasi 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Kleruu, aliuawa huko na mkulima Saidi Mwamwindi katika ugomvi uliotokana na kampeni ya vijiji vya ujamaa. Mwamwindi alishitakiwa, akahukumiwa kifo na kunyongwa. Katika madarasa yetu tukio hili hufundishwa kama mapambano ya kitabaka, na kweli lilikuwa hivyo. Lakini lina somo la pili ambalo hatulifundishi vya kutosha. Kleruu alikuwa na siasa mkononi. Hakuwa na sheria iliyosema waziwazi shamba lipi linaingia kijijini, kwa utaratibu upi, na haki ya mwenye shamba inaishia wapi. Palipokosekana sheria, watu wawili walikabiliana uso kwa uso.

Mwaka 1973 kuishi vijijini kukawa amri, na mwaka 1974 wakulima wa Iringa na Mbeya walihamishwa kwa wingi. Sheria ya kuandikisha vijiji ilitungwa mwaka 1975, wakati watu wengi walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Operesheni ilitangulia na sheria ikafuata nyuma ikichechemea. Deni hilo lilikuja kudaiwa mahakamani. Miaka ya 1980 wakulima walioyapoteza mashamba yao, hasa mkoani Arusha, walifungua kesi na wengine wakashinda. Mwaka 1992 ikatungwa Sheria Na. 22 ya kuzifuta haki hizo za kimila na kuzizuia kesi zake. Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Lohay Akonaay, ikatamka kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na ikavibatilisha vifungu kadhaa vya sheria hiyo.

Hilo ndilo shamba alilopewa mshauri. Lilikuwa na visiki vya mkoloni, magugu ya operesheni na mawe ya mahakama.

Tume ilisema nini

Kabla ya rasimu wananchi walikuwa wamekwisha kuulizwa. Januari 1991 Rais Mwinyi aliunda Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi. Mwenyekiti wake alikuwa Profesa Issa Shivji, aliyesoma katika kitivo kile kile baada ya McAuslan kuondoka. Tume ilizunguka mikoani, ikafanya mikutano ya hadhara na kusikiliza malalamiko, kisha ikatoa taarifa yake mwishoni mwa 1992. Pendekezo lake kubwa lilikuwa kuiondoa ardhi katika mamlaka ya utendaji. Ardhi ya kijiji iwe chini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji wenyewe, na ardhi ya taifa iwe chini ya bodi inayowajibika kwa Bunge.

Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995 iliamua kwamba Rais aendelee kuwa mdhamini wa ardhi yote kwa niaba ya wananchi. Hoja ya Serikali haikuwa ya kipuuzi. Nchi inayotaka kujenga barabara, reli, mabwawa na viwanda haiwezi kupiga magoti mbele ya kila kijiji. Na mjamaa yeyote anajua hatari ya kuigawa mali ya taifa vipande vipande hadi kila kipande kiwe ufalme mdogo. Lakini uamuzi huo ulikuwa uamuzi wa siasa, na ulihitaji kujadiliwa kisiasa, katika vikao vya Chama na kwa wananchi wale wale waliosikilizwa na Tume. Mjadala mpana ulikuja baadaye. Mwaka 1997 jumuiya za wananchi na za wanawake zilikusanyika kuidai, wakati rasimu ilikuwa imekwisha kuandikwa, na kwa Kiingereza.

Sasa tunaweza kuona wazi mshauri alifanya nini na hakufanya nini. Hakumpa Rais udhamini wa ardhi. Sera ndiyo iliyompa. Fundi cherehani hukata kitambaa alicholetewa. Wanaomlaumu McAuslan kwa jambo hilo wanamtwisha mgeni mzigo wa mwenyeji.

Kipimo cha mshauri mwenyewe

Hata hivyo kosa la upande wa pili ni baya vilevile. Wako wanaosema kwamba mwanasheria ni fundi tu, kwamba sheria haina itikadi, na kwamba kitaalamu ni kitaalamu. Mtu wa kwanza kuikataa hoja hiyo alikuwa McAuslan mwenyewe. Mwaka 1980 alitoa kitabu juu ya itikadi zilizomo katika sheria za mipango ya ardhi za Uingereza. Alionyesha kwamba ndani ya sheria hizo zinapigana itikadi tatu. Ya kwanza inasema sheria ipo kulinda mali ya mtu binafsi. Ya pili inasema sheria ipo kuendeleza maslahi ya umma, na watawala ndio wanaoyajua maslahi hayo. Ya tatu inasema sheria ipo ili watu wote washiriki katika uamuzi, wenye mali na wasio na mali. Katika nchi yake aliiona ya tatu kuwa dhaifu kuliko zote.

Tuuchukue mwenge huo tummulike nao mwenyewe. Rasimu yake iligawanywa na Serikali kuwa miswada miwili. Bunge likaipitisha Februari 1999, nayo ikawa Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 za mwaka huo. Zilianza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Sheria ya Vijiji ndiyo inayotuhusu zaidi hapa.

Itikadi ya kwanza, mali ya mtu. Sheria imesema kwamba hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na hakimiliki inayotolewa na Serikali. Kwa sentensi hiyo dharau ya 1923 ilikwisha. Mila inayomnyima mwanamke ardhi imekuwa batili mbele ya sheria, na hilo ni tunda la mapambano ya jumuiya za wanawake walioifuatilia miswada kwa karibu. Mkulima anaweza kupewa hati. Haya ni mafanikio, na mjamaa hana sababu ya kuyaonea haya. Azimio halikupata kusema kwamba mkulima asiwe na uhakika wa shamba analolilima kwa jasho lake. Lakini mlango ulipofunguliwa kwa mkulima, wengine nao walipitia. Mwaka 2004 Sheria ya Ardhi ilirekebishwa katika mambo ya rehani na mauzo, kama mabenki yalivyokuwa yakitaka.

Itikadi ya pili, maslahi ya umma. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Vijiji kinampa Rais uwezo wa kuihamisha ardhi ya kijiji iwe ardhi ya jumla au ya hifadhi kwa maslahi ya umma. Na kifungu hicho hicho kinasema kwamba maslahi ya umma ni pamoja na uwekezaji wenye maslahi kwa taifa. Kada asome maneno hayo mara mbili. Barabara ni ya umma. Zahanati ni ya umma. Je, shamba la kampuni binafsi ni la umma? Huenda likawa, huenda lisiwe. Inategemea nani ameulizwa.

Ndipo tunaifikia itikadi ya tatu, ushirikishwaji. Ardhi inayotakiwa isipozidi hekta 250, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Ikizidi hapo, Waziri ndiye anayekubali au kukataa, baada ya kuyapima maoni ya Mkutano huo. Maana yake ni kwamba kijiji kina sauti ya uamuzi juu ya kipande kidogo na sauti ya maoni juu ya kipande kikubwa. Kadiri jambo linavyokuwa zito kwa kijiji, ndivyo uzito wa kijiji unavyopungua. Hapa kipimo cha 1980 kinamrudia mwenye kipimo: itikadi ya ushirikishwaji imo ndani ya sheria, lakini inaposhindana na itikadi ya maslahi ya umma, ndiyo inayoombwa ipishe njia.

Lakini uchambuzi wa haki hauishii hapo. Ndani ya vifungu hivyo vyembamba mwandishi alipenyeza vikwazo vingi vya kumfunga mikono mtawala. Halmashauri ya Kijiji inaisimamia ardhi kama mdhamini, wala haiimiliki. Haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu, na inawajibika kutoa taarifa kwa kila mkutano wa kawaida. Wanakijiji wasiopungua mia moja wakiona usimamizi umeharibika, wanaweza kulalamika kwa Halmashauri ya Wilaya. Ardhi haihamishwi mpaka aina ya fidia, kiasi chake na wakati wa kulipwa viwe vimekubaliwa. Baraza la Ardhi la Kijiji lina watu saba, na watatu kati yao lazima wawe wanawake. McAuslan aliutetea urefu wa rasimu yake kwa hoja kwamba sheria fupi humwachia ofisa nafasi ya kufanya apendavyo, na sheria yenye maelezo kamili humbana. Hoja hiyo ina ukweli. Udhaifu wake ni mmoja: kamba inayomfunga ofisa haimfungi kama aliyeshika ncha ya pili hajui kwamba ameshika kamba.

Sheria ilipopanda Nyanda za Juu

Wilaya ya Mbozi, iliyokuwa mkoani Mbeya kabla ya kuundwa kwa Mkoa wa Songwe mwaka 2016, ilichaguliwa kuwa ya majaribio ya Sheria ya Vijiji. Huko ndiko hati za hakimiliki za kimila zilikoanza kutolewa. Majaribio yalionyesha jambo ambalo karatasi ya rasimu haikulionyesha. Ili mkulima mmoja apate hati, kwanza mipaka ya kijiji ikubaliwe na majirani na kupimwa. Kisha kijiji kipate cheti cha ardhi yake. Kisha kiwe na mpango wa matumizi ya ardhi. Kisha pajengwe masjala yenye kabati la kufungwa. Hapo ndipo shamba lipimwe, jina liandikwe, na mwenyekiti na mtendaji watie saini. Kila hatua ni fedha, na kijiji hakina fedha.

Palipo na pengo la fedha hujitokeza mfadhili. Kuanzia 2014 Wilaya ya Iringa ilipata mradi uliolipiwa na shirika la misaada la Marekani, ulioanzia katika kijiji cha Ilalasimba. Vijana wa kijiji walifundishwa kupima mashamba kwa simu za mkononi, na baadaye kazi ikaenea katika vijiji vingi vya Iringa na kufika Mbeya. Kazi yenyewe ilikuwa njema na wakulima wengi walipata hati. Lakini mwaka 2025 shirika lile lilifungwa na serikali yake yenyewe. Je, kama elimu ya sheria ya ardhi vijijini mwetu inategemea bajeti inayopitishwa Washington, hiyo ndiyo maana ya kujitegemea?

Upande wa Mbarali tuna somo chungu zaidi. Shamba la mpunga la Kapunga, lililokuwa la umma chini ya NAFCO, lilibinafsishwa mwaka 2006. Hekta 1,870 za kijiji cha Kapunga zikajikuta ndani ya hati ya mwekezaji. Sheria ya Vijiji ilikuwa na umri wa miaka saba. Vifungu vyote tulivyovitaja vilikuwapo: idhini, taarifa, fidia, mkutano. Hata hivyo kijiji kilitumia miaka mingi kuidai ardhi yake mpaka Serikali ikaingilia kati. Tusiseme mshauri aliandika vibaya, kwa maana hakuna kifungu kilichoruhusu kosa lile. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama mapema, kabla ya saini, na kuuliza: mkutano uliokubali jambo hili ulifanyika lini, na muhtasari wake uko wapi? Kwa kawaida mtu huyo angekuwa nani? Angekuwa kada wa Chama.

Tangu mwaka 2010, ulipotangazwa mpango wa ukanda wa kilimo wa kusini unaofuata njia ya TAZARA, mahitaji ya ardhi katika mikoa hii yameongezeka. Wanakuja wenye mbegu, wenye miti, wenye parachichi. Wengine ni wema na wengine ni wanyonyaji, na wote huja na mwanasheria. Kijiji huja na nani?

Wajibu wa makada

Kwa hiyo hukumu yetu juu ya kazi ya McAuslan ni hii. Alikuwa mshauri mwaminifu kwa sera aliyopewa, na aliitumia nafasi iliyobaki kumlinda mkulima kuliko sera ilivyomlazimisha. Kasoro yake ni ya aina yake yote ya wataalamu: aliamini kwamba haki ikishaandikwa kwa ukamilifu imepatikana. Kasoro yetu ni kubwa zaidi. Tuliipokea sheria ndefu iliyoandikwa kwa lugha isiyo ya wakulima, tukaiachia Wizara, wapimaji na wafadhili waieleze, nasi tukabaki na kazi ya kuhamasisha. Chama kilichozaliwa katika ugomvi wa ardhi hakiwezi kuhamasisha juu ya ardhi bila kuifundisha sheria yake.

Yako mambo manne ya kutekeleza, na hakuna hata moja linalongoja mfadhili.

Kwanza, sheria isomwe. Tangu marekebisho ya 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu. Kada hana tena kisingizio cha lugha. Kila darasa la itikadi katika Nyanda za Juu Kusini lisome kifungu cha 4 na cha 8 vya Sheria ya Vijiji kama linavyosoma Azimio.

Pili, mkutano uheshimiwe. Tangu vyama vingi virudi mwaka 1992, serikali ya kijiji si tawi la Chama, na Mkutano Mkuu ni wa watu wazima wote wa kijiji bila kujali kadi. Kada haendi mkutanoni kuamuru. Anakwenda kuhakikisha kwamba Halmashauri ya Kijiji imetoa taarifa ya ardhi, kwamba muhtasari umeandikwa ukasomwa, na kwamba wanawake na vijana wamesema.

Tatu, mwekezaji anapofika, yaulizwe maswali kabla ya pilau. Ni hekta ngapi? Zinavuka 250 au zimekatwa vipande ili zisivuke? Fidia ni ya aina gani na italipwa lini? Baada ya ardhi kuhamishwa na kuwa ya jumla, mradi ukifa, itarudi kwa nani? Swali hili la mwisho ndilo linalosahauliwa kuliko yote, na ndilo zito kuliko yote, kwa sababu ardhi iliyokwisha kuhama haijui njia ya kurudi kijijini.

Nne, mshauri atolewe chumbani. Tutaendelea kuwahitaji washauri wanasheria, na leo walio wengi ni Watanzania wenzetu. Uzalendo wao hautoshi kuwa dhamana. Rasimu ya sheria inayogusa ardhi, maji au misitu ipelekwe kwa wananchi ikiwa bado rasimu, kwa Kiswahili, na mwandishi wake awepo kujibu. Mwongozo wa 1971 ulikwisha kutufundisha kwamba mipango ya maendeleo isiyowashirikisha watu katika kuifikiria si mipango yao. Sheria nayo ni mpango wa maendeleo, tena ni mpango wenye polisi.

Wanafunzi wa siasa watauliza: je, kazi hii si ya wanasheria? Jibu ni kwamba wanasheria wa kwanza wa nchi hii walianza masomo yao ndani ya jengo la Chama, na Chama hakikuona ajabu. Mkulima wa Isimani hahitaji kuwa mwanasheria ili ajue kwamba Halmashauri ya Kijiji ni mdhamini wake na si mwenye shamba. Anahitaji mtu wa kumwambia hivyo, kwa lugha yake, kabla kalamu haijatiwa wino.